Maswali Yenu: Kambi ya makasia Naivasha

SWALI: Mimi ni mtaalamu mchanga wa tiba ya michezo, Lang'ata. Mwezi ujao naandamana na timu ya kupiga makasia, watu 16, kwa kambi ya siku 7 Ziwa Naivasha. Nijiandae na nini hasa?

JIBU: Mikono kwanza. Mazoezi yakiongezeka ghafla, malengelenge hayachelewi. Dogo liache. Likijaa na kuuma, lioshe kwa sabuni, pangusa sindano kwa spiriti, toboa pembeni, kamua maji, ila ngozi ya juu usiichune. Hakuna bandeji inayoishinda. Majini, funga plasta ya kitambaa tabaka moja tu. Ikiwa nene, mchezaji hulikaza kasia mno, na hapo ndipo kano za kifundo cha mkono huvimba.

Linalotutia hofu zaidi ni ubavu. Mtu akichomwa akivuta pumzi ndefu, akikohoa au akijigeuza kitandani, usimkande na kumrudisha botini. Huenda mfupa umeanza kupata ufa. Mpumzishe, aende kwa daktari. Eksirei ya mapema mara nyingi haionyeshi kitu, kwa hiyo picha safi isikudanganye.

Beba mizani: wapime kabla na baada ya mazoezi. Kila kilo iliyopotea, lita moja na nusu ya maji, anywe kidogo kidogo. Chupa zisichangiwe, homa ya mmoja huwa ya wote.

Kuhusu viboko, muulizeni nahodha wa huko kabla ya kushusha boti, kila asubuhi.