Mtoto yuko JROTC na anaitaka West Point? Anzeni na makaratasi

Kiangazi kikikaribia kuisha, simu zangu huwa za aina moja. Mzazi, mara nyingi Mtanzania mwenzangu au Mkongomani aliyepitia kambi ya Nyarugusu kabla ya kuletwa huku Marekani, mtoto wake yuko JROTC shuleni, yaani programu ya kadeti wa jeshi kwenye sekondari, sare imemkaa, na sasa amerudi nyumbani na habari kwamba anataka kwenda West Point, chuo cha maafisa wa jeshi la nchi kavu. Au Annapolis kwa wanamaji. Au Colorado Springs kwa jeshi la anga. Chuo cha miaka minne, ada hakuna, na posho juu. Ila lazima mbunge ampendekeze. Hapo sauti ya mzazi inashuka: "Sasa dada, sisi mbunge tunamjulia wapi?"

Hofu hiyo naijua inakotoka. Tumekulia kwenye nchi za vimemo, tukisikia "apendekezwe na mbunge" tunamwona mtu na bahasha anazunguka ofisi hadi ofisi akitafuta wa kumshika mkono. Binti yangu amepita njia hii na yuko huko sasa, kwa hiyo niwaambie: mbunge si lazima akujue. Ofisi yake inatangaza maombi kwenye tovuti, mtoto anajaza fomu, anapeleka matokeo ya shule, barua za walimu na insha, anaitwa kwenye usaili. Kinachotakiwa ni muwe mnaishi kwenye jimbo lake la uchaguzi. (Na mkihama nyumba kabla ya hapo, hakikisheni kama bado mko jimbo lilelile. Kuvuka barabara moja tu kunaweza kukubadilishia mbunge.)

Mtoto mmoja anaruhusiwa kugonga milango kadhaa kwa mpigo: mbunge wake, maseneta wote wawili wa jimbo lake kubwa (state), na Makamu wa Rais. Agonge yote. Nimeona wazazi wanaochagua seneta mmoja tu kwa sababu ndiye waliyempigia kura, au wanaona aibu kuomba kwa mwanasiasa wa chama wasichokipenda. Ofisi haiulizi kura yako. Kila mbunge na kila seneta anaruhusiwa kuwa na wanafunzi watano kwa wakati mmoja katika kila chuo, kwa hiyo kuna mwaka ana nafasi moja tu ya kujaza, na wewe huwezi kujua mwaka huo ni wa nani.

Sasa mlango ambao wazazi wetu wengi hawaujui ni ule ulioko ndani ya darasa la mtoto wao. Sheria inatenga nafasi hadi 20 kila mwaka, kwa kila chuo kati ya hivyo vitatu, kwa wanafunzi wanaotoka JROTC, ROTC (mafunzo ya uafisa yanayotolewa kwenye vyuo vya kawaida) na shule za kijeshi zenye hadhi ya heshima. Huo ni mlango tofauti na wa mbunge. Anayempendekeza mtoto huko ni uongozi wa kikosi chake cha shule, yaani yule afisa mstaafu anayemfundisha kupiga kwata na kusoma ramani.

Lakini si kila kikosi. Upande wa jeshi la nchi kavu, kikosi kinatakiwa kiwe kimefaulu ukaguzi kwa kiwango cha juu na kupewa hadhi inayoitwa Honor Unit with Distinction. Kikosi cha namna hiyo kinaweza kupendekeza hadi wanafunzi watatu kwa kila chuo. Mzazi unaweza kukitambua hata bila kuuliza: siku ya sare, tazama kifuani kwa mtoto kama kuna nyota ndogo ya dhahabu. Nyota ya bluu ni heshima pia, ila siyo hiyo. Vikosi vya jeshi la anga na vya wanamaji vina utaratibu wao, kwa hiyo hapo uliza moja kwa moja.

Na muulize mkufunzi mapema, mtoto akiwa darasa la 10 au la 11. Swali lenyewe ni fupi: "Kikosi hiki kinaruhusiwa kupendekeza watoto kwenda vyuo vya jeshi, na wewe unawachaguaje?" Kuna wakufunzi wanaolitangaza jambo hili tangu siku ya kwanza. Wapo pia ambao miaka inapita hawajaandika hata pendekezo moja kwa sababu hakuna mtoto aliyewahi kuomba. Mkufunzi wa binti yangu alifurahi kuulizwa, akamwambia aanze kumletea orodha ya mambo anayoyafanya nje ya shule. Binti akasema hana. Anatoka shule, anawachukua wadogo zake, anapika, Jumamosi anakaa kaunta ya duka la vyakula, na kila nikiwa zamu anampeleka bibi yake kliniki akamtafsirie. Yule mzee akamwambia, "Andika hayo yote." Yaliandikwa, na kwenye usaili ndiyo waliyomuuliza kwa muda mrefu kuliko cheo chake cha kadeti.

Msije mkadhani JROTC ni njia ya mkato, lakini. Nafasi 20 ni za nchi nzima, na shule zenye programu hii ni zaidi ya 3,000. Hao watoto wote wana medali. Pendekezo la JROTC linamwingiza mtoto kwenye mashindano, halimpi kiti. Faida yake nyingine ni hii: bila pendekezo lolote chuo hakiwezi kumchukua hata awe na alama za ajabu, na akiwa nalo, hata kama hakushinda katika kundi lake, bado anaweza kuokotwa wakati chuo kinajaza nafasi zilizobaki kwa kufuata ubora. Ndiyo maana nasema agonge milango yote. Binti yangu alipata la mbunge na la JROTC, maseneta hawakumpa.

Sasa makaratasi, maana hapa ndipo watoto wetu wanapoanguka, na wanaangukia mahali ambapo mtoto mwenyewe hana la kufanya. Anayeingia vyuo hivi lazima awe raia wa Marekani siku ya kuripoti. Grini kadi haitoshi. Awe ametimiza miaka 17, hajaoa wala kuolewa, hana mtoto wa kumlea.

Kuna watoto ambao tayari ni raia na nyumba nzima haijui. Sheria ya mwaka 2000 inasema mtoto aliye chini ya miaka 18, mwenye grini kadi, anayeishi hapa chini ya malezi halali ya mzazi wake, anakuwa raia moja kwa moja siku ile mzazi anapoapishwa. Hahitaji kuapa. Anachokosa ni ushahidi tu, na ushahidi huo ni pasipoti ya Marekani au cheti kinachoombwa kwa fomu N-600. Pasipoti ni nafuu sana kuliko hiyo fomu. Familia moja ninayoifahamu baba aliapishwa mtoto akiwa darasa la 8, wakakaa naye miaka yote wakimhesabu ni mtu wa grini kadi, hadi mshauri wa shule akamwambia asijisumbue kuomba. Walichokuwa wanahitaji kilikuwa picha moja, makaratasi yao na safari ya posta.

Upande wa pili ni sisi Watanzania. Nyumbani hakuna uraia pacha kwa mtu mzima, kwa hiyo mzazi anashikilia grini kadi miaka na miaka, kwa sababu ana kiwanja Kigamboni, ana mama yake, ana moyo wake. Sikulaumu. Wakenya tangu katiba ya 2010 wamepumua, sisi bado, na ndugu zetu wa Kongo vilevile. Ila ujue hesabu yake: kama hakuna mzazi aliyechukua uraia kabla mtoto hajafikisha miaka 18, mtoto atalazimika kuomba mwenyewe kwa fomu N-400 baada ya kutimiza 18, na huenda darasa la 12 likaisha majibu hayajaja. Hapo atasubiri mwaka mwingine, pengine akianza chuo cha kawaida huku anaomba. Inawezekana, wapo waliofanya hivyo, lakini ni uamuzi wa kukaa mezani baba na mama mtoto akiwa bado na miaka 14. Kwa waliokuja kama wakimbizi kuna nafuu kidogo: ile miaka mitano ya kusubiri uraia inahesabiwa tangu siku mlipoingia nchini.

Afya nayo ina makaratasi yake. Chuo kikiona maombi yana uzito, mtoto anapelekwa kwa daktari na mpimaji wa macho, bila malipo. Kuna dodoso refu. Pumu baada ya kutimiza miaka 13 inaweza kumzuia, ingawa inaweza kuombewa msamaha. Kwa watoto waliotoka kwetu kuna jambo la kifua kikuu: wengi walipimwa walipoingia, wakaambiwa wana vijidudu vilivyolala, wakapewa dawa za miezi kadhaa kutoka idara ya afya ya kaunti. Tafuteni ile barua inayosema dozi ilikamilika. Mkimwambia daktari "alimeza, akamaliza" bila karatasi, mtazungushwa. Na tafadhali, ile tabia yetu ya kumwambia mtoto "sema huna tatizo lolote", hapana. Ugonjwa uliosemwa unaweza kupata msamaha, uliofichwa ukijulikana baadaye unamtoa.

Mtihani wa mwili unawashangaza. Watoto wetu kwenye maili moja hawana shida. Lakini kuna kurusha mpira wa kikapu ukiwa umepiga magoti, na kuna kujivuta kwenye bomba, na hayo hayaji kwa kucheza soka. Binti yangu alirusha ule mpira uani hadi jirani akatuuliza kama kila kitu kiko sawa.

Kuhusu tarehe, kila ofisi ya mbunge ina yake. Kwa kawaida maombi hufunguliwa majira ya kuchipua ya darasa la 11 na kufungwa kati ya Septemba na Novemba, usaili unafuata, na majina yanapelekwa vyuoni kabla ya tarehe 31 Januari. Mtoto asisubiri pendekezo ndipo afungue maombi ya chuo chenyewe. Hayo ni mafaili mawili tofauti, na faili la chuo linaanza na dodoso fupi akiwa bado darasa la 11. Miezi hiyohiyo kuna maombi ya kambi za wiki moja za kiangazi West Point na Annapolis. Ajaribu. Wapo waliorudi wakiwa na uhakika zaidi, na wapo waliorudi wakisema, mama, hapana.

Usaili ndio uliotutoa jasho. Chumba cha mikutano, meza ndefu, wazee wanne watano, wengi wanajeshi wastaafu au waliosoma vyuo hivyo, na mbunge mwenyewe mara nyingi hayupo. Mtoto tuliyemlea sisi akiingia mbele ya wazee anafanya tulichomfundisha: anainamisha macho, anaongea polepole, hajisifu. Kwetu hiyo ni adabu. Pale mezani anaonekana hajiamini. Tulimwomba jirani yetu, mzee wa Kimarekani aliyekuwa jeshini, aje akae jikoni kwangu amhoji. Swali la kwanza: "Niambie kazi uliyoiongoza." Binti: "Tulifanya usafi wa bustani ya wazee, tukapata cheti." Mzee akaweka kalamu chini. "Nani aliwapigia simu wazee? Nani aligawa zamu? Wasipokuja watu ulifanyaje?" Kumbe ni yeye yote. Alikuwa anaona haya kusema "mimi". Tulirudia hadi akaweza kusema "nilipanga mimi" huku anamtazama mzee usoni, kisha akimaliza anamshika mkono na kusema asante bwana. Heshima ilibaki, imehamia mahali pengine tu.

Lingine watakalomuuliza ni kwa nini jeshi, na usimwandalie jibu. Ukimwambia aseme "ada ni bure" amekwisha. Anayehitimu anadaiwa miaka mitano ya utumishi kamili akiwa afisa, na mingine ya akiba hadi kufikia minane. Mwulize wewe kwanza, nyumbani, bila bibi kuwepo kwenye simu. JROTC haimlazimishi mtu kwenda jeshini, na akiamua kuishia na sare ya darasa la 12, hajapoteza kitu.

Akikosa, mlango haujafungwa. Vyuo hivi vina shule za maandalizi za mwaka mmoja. Huziombi wewe, wao ndio wanaomchukua mtoto kutoka kwenye maombi yaleyale wakiona anakaribia. Udhamini wa ROTC kwenye vyuo vya kawaida unaombwa msimu huohuo na pendekezo la mbunge halihitajiki, hivyo ajaze yote kwa pamoja. Chuo cha walinzi wa pwani kule New London nacho hakitaki pendekezo la mtu yeyote.

Jambo la mwisho ni dogo ila limewagharimu watu. Mawasiliano yote yanakwenda kwenye barua pepe ya mtoto, na watoto hawafungui barua pepe. Mfungulieni anwani mpya yenye jina lake kamili, isiwe ile ya shule inayozimwa akihitimu, iwekwe kwenye simu ya mzazi pia, na Jumapili jioni mkae muipitie pamoja hadi majibu yatoke.