Kukimbia au kupanda basi?

Ndugu, unauliza kama kwenye shindano la kupita stesheni zote 272 za treni za chini ya ardhi London kwa muda mfupi iwezekanavyo ni bora kukimbia au kupanda basi kati ya mistari miwili ya treni. Kwanza sheria: Guinness, wale wa rekodi za dunia, wanakubali miguu na usafiri wa umma wenye ratiba. Teksi na baiskeli hapana. Kwa hiyo sisi wa Goma, tunaoita moto (teksi ya pikipiki) hata kwa kutoka Signers mpaka Birere, humo humo mjini, tungeteseka. (Chukudu, kile kigari chetu cha mbao cha magurudumu mawili, pia haipiti, usijaribu!)

Mimi ningekimbia chini ya kilomita 2. Basi linaonekana la haraka kwa sababu watu hawahesabu kungoja. Chukua hata kipande kirefu zaidi, kama kutoka stesheni ya Stanmore hadi ya Edgware, karibu kilomita 3: kwa mwendo wa dakika 6 kila kilomita utatumia dakika 18, na unajua hivyo kabla ya kuanza. Basi la dakika 10 linalopita kila dakika 12 linaweza kukuchukua 10 au 22, bila foleni. Wajanja wanakimbia kufuata njia ya basi huku wakitazama nyuma. Likitokea karibu na kituo, wanapanda. Uwe na kadi, mabasi ya London hayapokei pesa mkononi tangu 2014.

Ila angalia treni unayoifuata. Tawi la reli linaloishia Chesham lina treni kila nusu saa hivi, kwa hiyo kuwahi dakika 5 kunaweza kukupa jasho tu. Hapo panda basi, pumzisha miguu: siku yenyewe ni zaidi ya saa 15.