Kuongeza misamiati ya juu ya Kiingereza: usilibebe neno peke yake

Mkuu umesema Kiingereza cha kawaida unacho, sasa unameza maneno magumu 20 kila siku kutoka kwenye kamusi ila wiki ikiisha hata matano huyakumbuki. Mi nimepita humohumo karibu miaka miwili, ngoja nikwambie kilichonitoa.

Nilikua na daftari, kushoto neno la Kiingereza, kulia maana kwa Kiswahili. Humo niliandika notorious = maarufu sana. Basi siku ya kumuaga bosi wetu nikaandika kwenye kadi "our notorious manager", nia yangu ni kumsifu kabisa. Mwenzangu mmoja akanivuta pembeni akaniambia taratibu kwamba hilo neno ni la mtu anayejulikana kwa ubaya, mfano jambazi sugu. Iliniuma sana, lakini hapo ndo nikaelewa kwamba daftari lilinipa nusu ya neno, nusu nyingine ni neno linakaa na nani.

Angalia Kiswahili chetu. Tunapiga simu, tunapiga pasi, tunapiga mswaki, tunapiga hodi, na hakuna aliyetukalisha chini kutufundisha, tuliyasikia yakiwa yameshikana tangu wadogo. Mgeni aliyekariri kwamba piga ni kumchapa mtu, kwenye pasi atakwama tu. Na sisi kwenye Kiingereza ni hivyohivyo, mvua kubwa ni heavy rain ila upepo mkali ni strong wind, kosa unali-make ila uhalifu una-commit.

Kwahiyo nikaacha kuandika maana, nikaanza kuandika sentensi nzima nilimolikuta neno. Chukua mitigate. Ukifuatilia utaona inatembea na risk, damage, impact, effects, yaani vitu vibaya tu, na haimalizi tatizo bali inapunguza makali yake. Sentensi yangu ilikua "Planting trees can mitigate the effects of floods". Kwenye kikadi naiandika nikiacha pengo pale kwenye mitigate, nyuma ndo naweka jibu, halafu nakirudia kesho yake, baada ya siku 3, wiki, mwezi. Mwanasaikolojia Mjerumani Hermann Ebbinghaus alishachapisha toka 1885 kwamba tunasahau kwa kasi mwanzoni, ndo maana hayo marudio ya mwanzo yanakaa karibukaribu. Maneno 5 kwa siku yanatosha, 20 ni kujichosha bure.

Halafu neno gumu sio lazima liwe bora, hapa wengi tunapotea. Wanormani walipoivamia Uingereza kutoka Ufaransa mwaka 1066 waliingia na Kifaransa chao, Kilatini nacho kikaleta ya kwake, ndo maana unakuta ask, question na interrogate zote zina kuuliza ndani yake. Ila interrogate ni ya polisi na mtuhumiwa, huwezi kum-interrogate rafiki yako amelalaje.

Na kamusi usianze nayo A mpaka Z, utakutana na maneno ambayo hata wenyewe hawayatumii. Kama lengo ni masomo au ripoti za kazini, tafuta Academic Word List, orodha ya mtafiti wa lugha Averil Coxhead ya mwaka 2000, ina familia 570 za maneno (yaani neno pamoja na ndugu zake, kama analyse na analysis) yanayojirudia kwenye maandishi ya kitaaluma ya fani tofauti tofauti. Mizizi ya maneno (bene ni wema, mal ni ubaya) inasaidia kubahatisha maana, ila usiitegemee sana. Soma mada unayoipenda kweli, mi nilisoma mambo ya afya kila siku, neno nikikutana nalo mara ya tatu ndo linaingia kwenye kikadi.

Leo chagua matano tu, kila moja litungie sentensi inayohusu maisha yako, uziweke hapa chini nizipitie jioni.