Kifaa cha kulipia barabara au njia za vijijini? Ushauri kwa wanaoshuka na gari Ufaransa

Kila likizo ya Agosti ikikaribia, ndugu na marafiki tunaoishi nao hapa Uingereza hunipigia simu na swali lile lile: tukienda na gari letu hadi kusini mwa Ufaransa, tununue kile kifaa cha kulipia barabara au tupite njia za bure? Huwajibu hivi: nunua kifaa, halafu chagua kabisa, kabla hujaondoka nyumbani, ni siku zipi hutakitumia.

Tuanze na kifaa, yaani kisanduku cha kubandika garini ambacho geti hukisoma na kukata tozo bila wewe kutoa tiketi wala kadi. Barabara kuu nyingi za Ufaransa, zile zenye herufi A na vibao vya buluu, ziko mikononi mwa makampuni, na unalipia kadiri unavyosafiri. Unachukua tiketi getini unapoingia, unalipa unapotoka. Paris hadi Lyon peke yake, gari dogo hulipa zaidi ya euro 35, na hapo Marseille bado iko mbali. Aliyezoea Expressway ya Nairobi, kilomita 27 toka Mlolongo hadi Westlands, ajue kwamba huku unaweza kutembea siku nzima na mita inahesabu.

Lakini sababu yangu kubwa ya kusisitiza kifaa wala si bei. Magari yetu ya Uingereza yana usukani kulia kama ya nyumbani, na Ufaransa wanaendesha upande wa kulia, kwa hiyo kibanda cha malipo kinakuwa kushoto, upande wa abiria. Ukiwa peke yako inakubidi ufungue mkanda, ujinyooshe juu ya kiti cha pili hadi dirishani, au ushuke na kulizunguka gari huku foleni ya nyuma ikikutazama. Ukiwa na abiria, yeye ndiye anageuka karani. Mama yangu alipotutembelea kutoka Tanga tulimpa kiti cha mbele kwa heshima, na bila kifaa heshima hiyo ingekuwa kazi ya kukamata tiketi, kuchomeka kadi na kutunza risiti kwa lugha asiyoijua. Kwa kuwa tulikuwa nacho, alikunja mikono yake, akatazama nje, akawa anauliza majina ya vijiji.

Kifaa chenyewe ni kisanduku kidogo cha plastiki kinachoenea kiganjani. Unakibandika kwenye kioo cha mbele, nyuma ya kioo cha kutazamia nyuma. Angalia vizuri hapo: magari mengi ya siku hizi yana kioo chenye utando wa kuzuia joto, na utando huo unazuia pia mawimbi ya kifaa. Watengenezaji huacha eneo lenye vitone vyeusi karibu na kile kioo kidogo. Bandika hapo hapo. Ukifika getini fuata njia yenye herufi “t” ya rangi ya chungwa. Nyingine zina alama ya 30 pia, maana yake unapita bila kusimama mradi usizidishe kilomita 30 kwa saa. Acha nafasi baina yako na gari la mbele ili mtambo usiwachanganye. Utasikia mlio mfupi, kizuizi kinapanda, umepita.

Wauzaji wanaojulikana zaidi ni Bip&Go na Ulys, na unaagiza mtandaoni ukiwa Uingereza. Soma masharti ya ada kabla ya kubonyeza. Kwa msafiri wa likizo unaofaa ni mpango unaotoza ada ya mwezi katika mwezi uliotumia kifaa tu. Agiza wiki kadhaa kabla, kwa sababu kinakuja kwa posta.

Kuna jambo jingine jipya ambalo wengi hawajalisikia. Baadhi ya barabara sasa hazina geti wala kibanda. Tangu Novemba 2022 barabara ya A79, katikati ya Ufaransa, inasoma namba za magari kwa kamera tu, na mwaka 2024 zikafuata A13 na A14 zinazotoka Paris kuelekea Normandy. Asiye na kifaa ana saa 72 za kulipa mwenyewe mtandaoni, na zikipita anapigwa faini. Ni utaratibu unaofanana na Dart Charge, tozo ya kuvuka mto Thames pale Dartford, karibu na London. Anayeshuka na feri Caen au Le Havre akaelekea Paris huingia A13 bila hata kujua kwamba amepita mahali pa kulipia. Mwenye kifaa hana habari na hayo yote. Kinajilipia.

Sasa njia za vijijini. Napenda kuzisema vizuri kwa sababu nazipenda kweli, na ndiyo maana sitaki mtu aziendee kwa sababu ya ubahili. Tangu Julai 2018 mwendo wa juu kwenye barabara za kawaida zisizogawanywa katikati ni kilomita 80 kwa saa, ingawa baadhi ya wilaya zimerudisha 90. Ndani ya kijiji ni 50, mara nyingi 30. Katikati kuna kipilefti baada ya kipilefti, na trekta lenye tela la majani ambalo huwezi kulipita kwa sababu ya kona. Kilomita 500 zinazochukua saa tano hivi kwenye barabara ya kulipia zitakula siku nzima na zaidi. Ukijumlisha chumba cha kulala ambacho hukukipanga na chakula cha usiku cha watu watano, akiba yako ya tozo imekwisha.

Nendeni huko ili muione nchi. Na nchi haionekani sawasawa kila mahali. Toka Calais kushuka kwa A26 ni tambarare ya ngano na viazisukari, nzuri kwa namna yake, lakini sioni haja ya kuikata kwa kilomita 80 kwa saa. Hapo acha kifaa kifanye kazi, watoto walale, ufike mbali kabla ya jua kuzama. Usiku pia usijaribu njia za vijijini: huoni mandhari, na paa na nguruwe mwitu huvuka barabara.

Mambo hubadilika ukishapita Clermont-Ferrand, mji wa katikati ya nchi. Pale inaanza A75, barabara kuu inayopanda milimani zaidi ya mita 1,000 na kushuka hadi karibu na Béziers, na ni bure isipokuwa mahali pamoja, daraja la Millau. Ukiniuliza mimi, hii ndiyo barabara bora kwa familia Ufaransa nzima, na wengi hawaifahamu kwa sababu ramani ya simu huwapeleka Lyon na kuwaingiza kwenye foleni ya A7.

Ukiwa A75, iache barabara kuu pale La Canourgue, vuka uwanda wa juu hadi Sainte-Enimie, halafu ufuate mto Tarn kwa barabara ya D907bis kupitia La Malène na Les Vignes hadi Le Rozier, kisha uendelee mpaka Millau. Mto una rangi ya kijani, kuta za mawe zinapanda mamia ya mita pande zote mbili, na barabara imechongwa ubavuni mwa jabali. Kuna sehemu mwamba unaning’inia juu ya paa la gari, na kuna vitobo vifupi vya handaki ambamo lazima uwashe taa. Likija gari kubwa la kulala, mmoja wenu anarudi nyuma hadi penye upana, saitimira zimekunjwa. Pale La Malène waendesha mashua hushusha wageni mtoni kwa boti bapa. Mama alikaa juu ya ukuta wa mawe na chupa yetu ya chai na mahamri, akawatazama wakiondoka mashua baada ya mashua, na hakuna aliyethubutu kumwambia twende.

Kuhusu daraja lenyewe la Millau, lililofunguliwa Desemba 2004: nguzo yake ndefu kuliko zote, pamoja na mlingoti ulio juu yake, hufika mita 343 na barabara yake ina urefu wa mita 2,460. Wengi hulipa, wakavuka kwa dakika moja na nusu, wakasema wameliona. Kando kuna kingo za kuzuia upepo na dereva hana ruhusa ya kutazama chochote isipokuwa mbele. Lione kutoka chini, katika kijiji cha Peyre, kando ya mto. Ukipanda tena, ukavuka kwa kulipia, sawa, lakini anza na chini.

Ukiwa vijijini kumbuka haya. Penye makutano yasiyo na alama, anayetokea kulia kwako ana haki ya kupita, hata akitoka kwenye kichochoro. Maduka mengi hufungwa saa sita hadi saa nane mchana. Mafuta ni nafuu kwenye sheli za maduka makubwa kuliko zile za barabara kuu, na zinapokea kadi hata mhudumu akiwa hayupo. Chakula cha halali huku milimani ni cha kubahatisha, basi pika nyumbani. Kama mna mtoto au mzee anayepata kichefuchefu kwenye kona, bonde la Tarn ligaweni vipande viwili, au mliache.

Kuchagua njia, nunua ramani ya karatasi ya Michelin. Barabara yenye mstari wa kijani pembeni ndiyo yenye mandhari, na mstari huo haujawahi kuniangusha. Kwenye simu usiwashe ile amri ya kukwepa tozo kwa safari nzima, kwa sababu itakuzungusha hata kule kusiko na cha kutazama. Andika miji unayotaka kupitia, mmoja mmoja.

Siku nayo ni muhimu. Huduma ya serikali iitwayo Bison Futé hutangaza siku za foleni kwa rangi, na Jumamosi za mwisho wa Julai na mwanzo wa Agosti ndizo huwa nyekundu au nyeusi. Siku nyeusi kifaa hakikusaidii kitu, kwani foleni inaanza mbali kabla ya geti na inaendelea mbali baada yake. Siku hiyo ndiyo ya kuwa kijijini, au ufuate vibao vyenye neno “Bis”, ambavyo huelekeza njia mbadala.

Wanaoendelea hadi Uhispania hesabu yao ni nyingine. AP-7, toka mpaka wa Ufaransa hadi Tarragona, iliacha kutoza mwishoni mwa Agosti 2021, kwa hiyo kifaa kirudi kwenye mfuko wake. Kama mna nusu siku ya ziada kabla ya mpaka, acheni barabara kuu Perpignan mshike D914 ya pwani kupitia Collioure na Banyuls. Msijaze tangi upande wa Ufaransa, kwa kawaida Uhispania mafuta ni rahisi zaidi.