Mjomba, ndondi za Thailand zinalipa?

Mwezi uliopita mpwa wangu wa Tanga aliniandikia kwenye kundi la familia akiuliza: "Mjomba, ndondi za huko zinalipa? Nina miaka 19, nimeshinda mapambano manne. Nikija, kambi zitanichukua?" Kabla sijajibu, dada yangu, yaani mama yake, akaongeza swali lake, ambalo kwangu ndilo zito zaidi: ikiwa hizo ndondi za Thailand, Muay Thai, ni mchezo wa taifa, je, taifa lenyewe linawatunza wanaoucheza? Tangu siku hiyo wengine watatu wameniuliza mambo hayohayo, kwa hiyo nimeona niandike mara moja, kwa kirefu, bila kumpaka mtu mafuta kwa mgongo wa chupa.

Mimi ni mwalimu wa Kiingereza katika shule ya kijiji mkoani Buriram, kaskazini-mashariki mwa Thailand, katika ukanda ambao wenyewe huuita Isan, umbali wa kilomita kama 400 kutoka Bangkok. Sijawahi kupanda ulingoni. Ninachokijua nimekipata darasani na mitaani, kwa sababu Isan, pamoja na mashamba yake ya mpunga, ndiko wanakotoka mabondia wengi wa nchi hii. Darasani kwangu wamo wavulana wawili na msichana mmoja wanaopigana kwa malipo, na Jumatatu nikimwona mmoja wao ameinamia daftari kupita kiasi ili nisilione jicho lililovimba, huwa sina haja ya kuuliza Jumamosi alikuwa wapi.

Nilikwenda kumtazama mmoja wao mara moja tu, kwenye sherehe ya hekalu la kijiji jirani. Ulingo ulisimamishwa uwanjani, kati ya banda la mishikaki na bembea za watoto. Baba yake alimlaza kwenye mkeka akamchua miguu na mgongo kwa mafuta ya manjano yenye harufu ya kupenya hadi kwenye ubongo, kisha akampaka mafuta mazito usoni ili ngumi zikifika ziteleze. Mtoto alikuwa na miaka 11 na uzito wa kilo 28. Alivishwa kichwani utepe wa baraka uitwao mongkhon, akapiga magoti, akasujudu mara tatu, akauzunguka ulingo taratibu akicheza ngoma ya kumheshimu mwalimu wake huku zumari likilia na ngoma mbili zikilisindikiza. Nakiri kwamba lile zumari lilinirudisha nyumbani pwani kwa dakika nzima, hadi kengele ilipogongwa na watu wazima waliouzunguka ulingo wakaanza kunyoosha vidole hewani, kila mmoja akitangaza dau lake kwa ishara.

Kati ya raundi ya tatu na ya nne, mwanamume mmoja asiye na undugu naye alisogea kwenye kona, akamwonyesha yule mtoto noti na kumwambia kwamba akishinda ni yake. Mtoto alishinda. Alilipwa baht 500 (baht ndiyo fedha ya hapa), akapewa na ile noti, na zote akamkabidhi mama yake kabla hata ya kuvuliwa glavu. Hapa kocha wa ngumi na mwalimu wa shule wote huitwa kwa neno moja, khru. Nami nimekubali zamani kwamba kati ya makhru wawili alionao mtoto huyu, mimi si yule anayesikilizwa.

Sasa nije kwenye hilo jina la mchezo wa taifa. Huu si mchezo wa ngumi mbili kama anaoujua mpwa wangu. Bondia hupiga kwa ngumi, viwiko, magoti na miundi, jumla silaha nane, na hukabana shingo na mwenzake akitafuta nafasi ya kumpiga goti la ubavuni. Kila tarehe 17 Machi huadhimishwa Nai Khanom Tom, mateka wa vita ambaye simulizi husema aliwashinda wapiganaji wa Burma mmoja baada ya mwingine mbele ya mfalme wao mwaka 1774, baada ya mji wa Ayutthaya kuanguka. Simulizi hiyo ina utamu wake, lakini mchezo tunaouona leo ulitengenezwa karne ya ishirini, pale kamba walizokuwa wakifunga mikononi zilipobadilishwa kuwa glavu, ulingo ukawekewa kamba, na raundi zikapimwa kwa saa. Uwanja wa Rajadamnern ulifunguliwa Bangkok tarehe 23 Desemba 1945. Ule wa Lumpinee, unaoendeshwa na jeshi, ukafuata mwaka 1956. Kwa miongo mingi mkanda wa ubingwa wa mmojawapo wa viwanja hivyo ndio uliokuwa kilele, na wazee hapa kijijini wakianza kuwataja Samart na Dieselnoi, mabingwa wa miaka ya 1980, chai hupoa mezani.

Hata hivyo, medali ya kwanza ya dhahabu ya Olimpiki ya nchi hii, ile ya Somrak Kamsing wa Khon Kaen mwaka 1996, ilipatikana katika ngumi za kawaida, kwa kuwa mchezo wao wenyewe haumo katika Olimpiki hadi leo. Shirikisho lake la kimataifa lilipata utambuzi kamili wa Kamati ya Olimpiki mwaka 2021, lakini kutambuliwa si kuingizwa kwenye ratiba. Majirani nao hawakubali kirahisi kwamba mchezo ni wa Thailand peke yake: Kambodia ilipoandaa michezo ya Asia ya Kusini-Mashariki mwaka 2023, iliuita Kun Khmer, na Thailand ikakataa kupeleka mabondia wake. Wiki hizo shuleni kwetu walimu wa kiume hawakuzungumza kingine.

Nirudi kwa dada. Taifa linajivunia mchezo, lakini anayemlisha bondia ni kambi. Mtoto akionekana ana kipaji huhamia kambini, hulala huko, huamka saa kumi na moja alfajiri kukimbia, na mara nyingi kambi huchukua takriban nusu ya malipo yake kwa kuwa imemlisha na kumfundisha. Huchukua hata jina lake, maana bondia hupigana kwa jina la kambi na wala si la baba yake. Buakaw, mtoto wa mkoa jirani wa Surin aliyetwaa ubingwa wa K-1, shindano la ngumi na mateke, nchini Japani mwaka 2004 na 2006, alipoachana na kambi yake mwaka 2012 ilibidi aliache na jina la kambi. Sisemi kambi zote ni za dhuluma. Nimeona makocha wanaowalea watoto wa watu kuliko wazazi wao. Ila ni mpango ambao mtoto huuingia akiwa na miaka minane, na mkataba husainiwa na mtu mwingine.

Kuhusu watoto, sheria ya ngumi ya mwaka 1999 haiwakatazi. Aliye chini ya miaka 15 anaweza kupigana mradi amesajiliwa na mzazi ameridhia. Novemba 2018 mvulana wa miaka 13 aliangushwa ulingoni karibu na Bangkok, katika pambano la hisani, akafa kwa kuvuja damu kwenye ubongo. Alikuwa ameanza na miaka minane na alikwisha kupigana zaidi ya mara 170. Watafiti wa Hospitali ya Ramathibodi mjini Bangkok walikwisha kupiga picha za ubongo wa mabondia watoto, wakaona madhara ambayo watoto wengine hawakuwa nayo. Likaletwa pendekezo la kuzuia wenye umri chini ya miaka 12, na watu wa ngumi wakalipinga kwa hoja mbili: kwamba asiyeanza mapema hawi bingwa, na kwamba familia za Isan zinakula kutokana na mapambano hayo. Hoja ya pili ni ya kweli, nami nimeiona noti ikikabidhiwa, lakini ndiyo hasa inayonitia uchungu, kwa sababu mwenye nyumba nzuri Bangkok humpenda sana bondia kwenye televisheni ilhali mtoto wake humpeleka kujifunza piano.

Halafu iko kamari. Mtu akitazama pambano la mtindo wa zamani asipojua kamari haelewi anachokiona: raundi mbili za kwanza ni za kupimana huku watu wakipanga madau, ya tatu na ya nne ndizo za kazi, na ya tano anayeongoza hurudi nyuma akijilinda, kwa kuwa kila mtu amekwisha kuona mshindi. Wacheza kamari ndio waliojaza viti, na kelele zao zilisikika hadi kwenye karatasi za waamuzi. Machi 2020 mapambano ya siku moja ya Lumpinee yalieneza korona, na wacheza kamari wakarudi nayo mikoani. Uwanja ulipofunguliwa tena mwaka 2021 uongozi ulitangaza kuiondoa kamari humo, na Novemba mwaka huohuo wanawake wakapigana kwenye ulingo ambao awali hawakuruhusiwa hata kuugusa. Yule msichana wa darasani kwangu ana picha ya pambano hilo kwenye jalada la daftari lake la hesabu.

Tangu Januari 2023 kampuni ya ONE Championship imekuwa ikiandaa mapambano Lumpinee kila Ijumaa: raundi tatu badala ya tano, glavu nyembamba za wakia nne, na zawadi ya baht 350,000, zaidi ya shilingi milioni 20 za kwetu, kwa bondia anayewafurahisha waandaaji, hasa kwa kumwangusha mwenzake. Fedha hizo ni za kweli na zimebadilisha maisha ya baadhi ya watu. Wazee wananung'unika kwamba ufundi unakufa, kwamba raundi tatu hazimpi mtu nafasi ya kumsoma mpinzani. Nami nawaunga mkono nusu. Nusu nyingine nakumbuka kwamba glavu nyembamba maana yake ni kichwa kupigwa na kitu kilicho karibu zaidi na mfupa.

Basi mpwa wangu, swali lako. Kambini kuna watu wa aina mbili: mtoto wa Isan anayelishwa na kambi, na mgeni anayeilipa kambi. Hakuna kiti cha tatu kinachokusubiri. Wageni wamejaa Phuket, kisiwa cha watalii, hasa Wazungu, hulipia mafunzo kwa wiki au mwezi, na ndio wanaozifanya kambi nyingi zisifungwe. Serikali imeliona hilo na tangu Julai 2024 inatoa viza ya miaka mitano ambayo hata mwanafunzi wa ngumi anaweza kuiomba, kwa ada ya baht 10,000, ila lazima uonyeshe akiba ya baht 500,000, ambazo ni zaidi ya shilingi milioni 30. Kupokea malipo ya pambano ni kazi, na kazi inahitaji kibali chake. Namfahamu kijana mmoja wa Afrika Mashariki aliyeletwa na wakala kwa ahadi ya kambi na mapambano. Alipigana mara mbili kwa fedha ambayo haikutosha hata kodi ya chumba, muda wa viza ukapita, na tulimchangia nauli sisi walimu. Wakala hapokei simu hadi leo.

Tena mapambano yako manne ni ya ngumi. Mwakinyo, bondia wa Tanga ambaye najua ndiye uliyembandika ukutani, alimpiga Mwingereza Eggington kule Birmingham mwaka 2018 kwa mikono miwili, na njia hiyo unayo hapohapo Tanga. Hapa utakutana na kijana wa umri wako mwenye mapambano 150, ambaye miundi yake imekufa ganzi tangu utotoni.

Dada, kwako nina jibu la mtu mmoja. Kocha wa kambi ya kijijini kwetu aliwahi kupigana Lumpinee. Ana miaka 46, jicho la kushoto halioni vizuri, na huuliza jambo moja mara tatu kwa asubuhi moja. Anaishi kwa kushika pedi, yaani mito ambayo mabondia huipiga mazoezini, na kwa shamba la mpunga la mkewe, na picha yake akiwa na mkanda imetundikwa kwenye ofisi ya serikali ya kijiji, ndani ya fremu nzuri.

Mpwa akitaka bado kuja, na aje kutembea wakati wa likizo yangu ya Aprili. Chumba kipo na wali upo. Nitamwamsha saa kumi na moja akimbie na wale watoto barabara ya mpungani, kisha kocha amshikie pedi kwa raundi tano. Nauli ajitafutie mwenyewe.