Sheria ndogo za mashamba ya miti: tudai nini kwenye mkutano wa kijiji

Kama una shamba la miti Mufindi, Njombe au Makete, usikose mkutano mkuu wa kijiji siku ya kujadili sheria ndogo za misitu. Sheria ya Misitu ya Tanzania ya mwaka 2002 inautambua msitu wako binafsi, hata ukiumiliki kwa haki ya kimila kwenye ardhi ya kijiji. Ila mambo ya moto, mipaka na mifugo hupangwa hapo hapo kijijini.

Pendekezo linalorudi kila mara ni kupiga marufuku uvunaji wa misindano (mipaina) michanga. Nia ni njema: msindano unahitaji miaka 15 hadi 20 kutoa mbao za maana, na wenye dingdong, zile mashine ndogo za kupasulia mbao, huwafuata watu wenye shida wakiwa na pesa mkononi. Hata hivyo mimi nalipinga. Jirani yangu mjane alibanwa na ada ya mtoto wakati miti yake ina miaka minane. Ukimkataza kabisa, atauza miti pamoja na ardhi. Tulimshauri apunguzie: akatoa iliyopinda na iliyosongwa, akauza nguzo ndogo na kuni, iliyobaki ikapata nafasi ya kunenepa. Ada ililipwa, na shamba bado ni lake.

Kwa hiyo dai kifungu kinachosema hivi: anayetaka kuvuna mapema aonane kwanza na kamati ya maliasili, na akikata shamba lote apande upya mvua zinazofuata. Mengine aachiwe aamue mwenyewe.

Moto nao ni hivyo hivyo. Mwenye ekari moja akilazimishwa kuzungushia barabara ya kuzuia moto, atabaki na miti kidogo sana. Majirani waruhusiwe kuchonga moja pana kuzunguka mashamba yao yote, wailimie pamoja kabla ya kiangazi kukolea.

Kwenye maji silegezi. Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 imekataza shughuli za kudumu au za kuharibu mazingira ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto, na milingoti (mikaratusi) imekausha vinyungu vyetu vingi, yaani bustani zetu za mabondeni. Waliokwisha kuipanda ndani ya mita hizo wapewe muda wa kuvuna, wasiache visiki vichipue, kisha wapande mivengi, miti ya asili inayotunza maji.

Kabla ya kunyoosha mikono, mwombeni mtendaji asome kifungu kimoja kimoja kwa sauti. Mtakachopitisha ndicho kitakachopelekwa halmashauri kuidhinishwa, na kukibadilisha baadaye kunachukua muda mrefu.