Maswali ya Lugha: Neno «mesa» la Kihispania

SWALI: Mhariri, mimi ni mhudumu wa hoteli hapa Nyali, Mombasa, na ninajifunza Kihispania. Je, «mesa» ni meza yetu tu, au lina matumizi mengine?

JIBU: Ndugu msomaji, maana ya msingi ni hiyo hiyo, wala si kwa sadfa. Meza yetu tuliipata kwa Wareno, waliojenga Ngome ya Yesu kuanzia mwaka 1593, na wao na Wahispania wamelirithi neno hilo kutoka Kilatini. Katika Kihispania ni la jinsia ya kike, hivyo sema «la mesa», na sifa ifuate: «una mesa redonda», meza ya duara, ambayo pia ni mjadala wa wataalamu.

Kazini utahitaji «poner la mesa», yaani kupanga sahani, vijiko na glasi, na «recoger la mesa», kuondoa vyombo. Mgeni akisema «una mesa para dos, por favor», anaomba meza ya watu wawili.

Hata hivyo, ninakusihi uzingatie zaidi «sobremesa»: ule muda ambao walaji wamekwisha kushiba lakini wanaendelea kuketi wakizungumza, kahawa ikiwa mbele yao. Usiwaharakishie bili, nchini Hispania huletwa mgeni anapoiomba, kwa kusema «la cuenta, por favor».

Mexico mhudumu huitwa «mesero», ilhali Hispania ni «camarero». Wakati wa uchaguzi nchini Hispania, «mesa electoral» ni jopo la raia, walioteuliwa kwa bahati nasibu, linalosimamia upigaji kura.